UZI: Najenga manowari F209 kwa karatasi tupu, skeli 1:250, niko hatua ya mataruma (mbavu za meli). Karibuni

Mtoto wa Likoni (mleta mada)

Wakuu salaam. Nimekuwa msomaji wa kimya humu miaka mingi, leo nimeona nifungue uzi maana kila ninayemwambia ninachofanya mezani usiku ananiuliza karatasi gani, hii ya kuandikia? Ndio hiyo hiyo, nene kidogo tu. Najenga manowari ya kisasa kwa karatasi, si plastiki si mbao, na nataka iwe na kila kitu hadi ngazi za mlingotini.

Nianze na chanzo. Machi 2009 nilikuwa darasa la sita, tuko na mama Likoni tunasubiri kuvuka, feri ikazuiwa kupisha meli inayoingia Kilindini. Sisi wa pale tumezoea meli za makontena, hugeuzi hata shingo. Hii ilikuja ya kijivu, nyembamba, juu imejaa mavyuma, mbele ina mzinga, ubavuni imeandikwa F209. Watu pale ngazini wakanyamaza wote, hata wauza korosho. Baadaye tukasikia redioni kwamba ni frigeti, aina ya meli ya kivita, ya Kijerumani, Rheinland-Pfalz, imewaleta Mombasa washukiwa tisa wa uharamia walioshambulia meli ya mizigo MV Courier kule Ghuba ya Aden tarehe 3 mwezi huo huo. Mimi habari ya maharamia haikunikaa sana, kilichonikaa ni ile meli. Niliichora nyuma ya daftari la hesabu mpaka kurasa zikaisha.

Kwa wasioijua, zilikuwa frigeti nane za aina moja, aina ya Bremen, Wajerumani wanaziita F122, umbo wamelitoa kwenye Kortenaer za Uholanzi. Hii yangu iliundwa Blohm+Voss pale Hamburg, ikaingia kazini Mei 1983, ikastaafu Machi 2013. Urefu mita 130.5 upana mita 14.6. Skeli ya 1:250 maana yake kila kitu unagawa kwa 250, kwa hiyo mezani inakuja sentimita 52 na kidogo kwa sentimita 6 kasoro. Baharia akisimama sitahani ana milimita 7. Hapo ndio ujue unacheza na nini.

Binamu yangu aliyeko Bremen ndiye alinitumia kitabu cha kukata cha meli za aina hii. Kwa asiyejua, hicho ni kama daftari kubwa, vipande vyote vimechapwa kwa rangi yake, vina namba, kazi yako ni kukata, kukunja, kugandisha. Sikukata kitabu chenyewe, nilikiskani kwanza nikachapa nakala, maana kitabu ukikosea ukurasa mmoja umekwisha.

Sasa jambo ninalotaka kulisema na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Hii ni meli yangu ya pili, ya kwanza niliitupa. Niliitupa kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika kwenye rada na makombora, kiunzi cha chini nikakifanya wiki moja, na kiunzi kikishapinda meli nzima imepinda hata rada yako iwe nzuri vipi. Safari hii nimekaa miezi miwili na nusu kwenye mkuku (uti wa mgongo wa meli) na mataruma tu, sijagusa hata kipande kimoja cha juu. Mke wangu anauliza meli iko wapi mbona naona mbavu za samaki. Nikamwambia hiyo ndiyo meli, hayo mengine ni nguo.

Nitaeleza hatua kwa hatua, waliowahi kujenga wanisahihishe, wanaotaka kuanza waulize.

Fundi Manila

Mkuu nakaa hapa mbele kabisa. Mimi niko Dar, nilijaribu ndege ya karatasi mwaka juzi ikatoka vizuri, meli sijathubutu. Maswali mawili, karatasi gani umetumia na gundi gani, maana hapa ukiingia duka la vifaa vya ofisi wanakupa manila ya shule na gundi ya fimbo basi.

Mtoto wa Likoni

Fundi Manila karibu sana. Vipande vya nje nimechapa kwenye karatasi ya gramu 160, hiyo waulize wanaochapa vyeti na kadi za harusi, wanayo. Ya gramu 80 ya fotokopi inatumika kwenye vitu vidogo vya kuviringisha. Mataruma yanataka unene wa milimita 1 hivi, mimi natumia kadibodi ya kijivu ile ya nyuma ya makalenda na madaftari makubwa, tena ya bure, nimewaambia jamaa wa duka moja la uchapaji wasitupe.

Gundi natumia mbili. Gundi nyeupe ya mbao kwa vipande vidogo, nachota kwa ncha ya kijiti cha meno, kidogo sana. Na gundi angavu ya tyubu isiyo na maji kwa sehemu pana. Hii ya pili ni lazima, na hapa ndio niliumia kwenye meli ya kwanza. Gundi nyeupe ina maji, karatasi ikinywa maji inatanuka, ikikauka inajikunja, sasa wewe umegandisha ukurasa mzima wa mataruma kwenye kadibodi kwa gundi ya maji upande mmoja, asubuhi unakuta limekuwa kama kigae cha paa.

Dawa niliyoipata baada ya kuharibu mengi: ukigandisha karatasi upande mmoja wa kadibodi, gandisha karatasi nyingine tupu upande wa pili saa hiyo hiyo. Zinavutana pande zote mbili, katikati inabaki sawa. Halafu bana kati ya vioo viwili, weka tofali juu, acha usiku mzima. Usichungulie.

Na jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui, karatasi ina uelekeo kama mbao. Kata kipande cha mraba, lowesha upande mmoja, kitajikunja chenyewe kama bomba, bomba linavyolala ndivyo nyuzi zinavyolala. Inatanuka zaidi kwa kukata nyuzi kuliko kufuata nyuzi. Mkuku wangu wa kwanza niliukata kinyume na nyuzi, masika ya mwaka ule ikaupinda kama ndizi. Sisi wa Pwani unyevu wetu si mchezo, mwezi wa nne na wa tano sigandishi kitu kirefu kabisa, nafanya vipande vidogo tu.

Shungi la Omo

Ndugu yangu umenifurahisha ulipoandika mkuku na mataruma. Mimi ni mtu wa Lamu, babu yangu na baba yangu mkubwa wameunda majahazi, nilikua kwenye vumbi la misumeno. Hebu eleza hayo mataruma unayapanga vipi, maana kwa wazee wetu mpangilio ni mwingine. Mtepe wa zamani ulishonwa mbao kwanza kwa kamba, umbo likitoka ndio mataruma yakaingia ndani kushikilia. Yaani ngozi kwanza mbavu baadaye. Wewe naona unaanza na mbavu.

Mtoto wa Likoni

Shungi la Omo heshima kwako, natamani wazee wako wangekuwa hapa waone. Ndio, kwa karatasi ni mbavu kwanza, haiwezekani vinginevyo kwa sababu ngozi yenyewe haina nguvu, unene wake ni robo ya milimita tu. Ngozi ya mtepe ni mbao, inabeba. Ngozi ya meli yangu inabebwa.

Napanga hivi. Chini kabisa kuna bamba la msingi, umbo la meli ukiitazama kutoka juu pale maji yanapoishia. Wajerumani hawajengi sehemu ya chini ya maji, meli inakaa mezani kama iko baharini. Wapolandi wao wanajenga nzima mpaka usukani na rafadha (pangaboi), na skeli yao ni 1:200, wana jarida lao Mały Modelarz tangu 1957 wanatoa meli na ndege za kukata. Basi juu ya bamba la msingi unasimamisha mkuku, kipande kirefu kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), kina mipasuo kwa juu. Kila taruma lina mpasuo kwa chini. Yanaingiliana kama vile vigawanyio vya katoni ya soda.

Ugumu wake ni huu. Mpasuo ukiwa mwembamba kuliko kadibodi, unalazimisha, mkuku unasukumwa mbele kidogo. Nusu milimita haikuumizi. Lakini mataruma yako kumi na kitu, nusu nusu hizo zinajumlika, ukifika tezi mkuku umeinuka mgongo na sitaha haikai. Kwa hiyo kila mpasuo naujaribu mkavu, nautoa, naupitisha msasa, naurudisha, mpaka taruma linashuka kwa uzito wake bila kusukumwa. Hapo tu ndio gundi. Na kiunzi chote nakijenga juu ya kioo cha dirisha, kwa sababu meza ya mbao hata iwe nzuri vipi haiko sawa, kioo kiko sawa.

Shungi la Omo

Mwenyezi Mungu akubariki. Baba mkubwa alikuwa akisema taruma lishuke lenyewe, ukiligonga litakulipa baharini. Nimesoma maneno yako nikamkumbuka.

Mdau wa Elbe

Salaam kutoka Hamburg jamani, sikutegemea kuona F122 kwenye Kiswahili. Mimi nimekulia Tanga, huku nina miaka 14, na karatasi ndiyo iliyonipa marafiki wa kwanza huku. Kuna mkutano wa wajenzi wa karatasi kule Bremerhaven kwenye makumbusho ya meli, wanakuja wazee wa miaka 80 na watoto wa miaka 9 meza moja. Na hizi karatasi za kukata meli zinazotoka Wilhelmshaven unazoziona leo, zilianza kama mambo ya shule baada ya vita, miaka ya 1950, skeli yao ni hiyo hiyo 1:250 mpaka leo ndio maana meli zote za Wajerumani unaweza kuzipanga pamoja kwenye rafu moja zikalingana.

Ushauri, ukipata mtu wa kwenda Wilhelmshaven mwambie aingie makumbusho ya jeshi la maji, kuna Mölders pale, destroya ya makombora, iliundwa Bath Iron Works kule Marekani, ikastaafu 2003, sasa unaingia ndani unapanda ngazi unagusa. Si aina yako ila vitu vidogo vingi vinafanana, milango, winchi, mabomba ya zimamoto, vyuma vya kushikilia pembeni. Picha ya kitu ulichosimama nacho ana kwa ana haina mfano.

Halafu swali. Kitabu chako kinaonyesha meli ya mwaka gani? Maana F122 za mwanzo na za 2009 hazifanani.

Mtoto wa Likoni

Mdau wa Elbe umegusa penyewe kabisa, hili nilipanga kulileta.

Kitabu changu kinaonyesha meli ilivyokuwa miaka ya 80. Mimi niliyoiona Likoni ni ya 2009. Katikati hapo walibadilisha mambo. Mlingotini kulikuwa na rada ya DA08 ya Waholanzi, baadaye wakaweka TRS-3D, sura nyingine kabisa. Na juu ya hanga la helikopta wakaongeza makasha mawili ya makombora madogo ya RAM, kila kasha matundu 21, ya kuzuia kombora linalokujia. Kitabuni juu ya hanga hakuna kitu, patupu.

Ningeweza kujenga kama kitabu kinavyosema na hakuna mtu Mombasa angejua. Lakini mimi najenga ile meli, si meli inayofanana nayo. Kwa hiyo vitu vitatu nachora mwenyewe: rada, makasha ya RAM, na namba F209 kwa sababu kitabu ni cha meli dada yake, ya aina hiyo hiyo. Nimekusanya picha za wazi za mtandaoni za meli za aina hii zilizopigwa baada ya 2000, napima kwa kulinganisha, mfano najua rafadha la juu la helikopta ya Sea Lynx lina kipenyo cha mita 12.8, basi picha yoyote yenye helikopta juu ya sitaha nimeshapata rula ndani ya picha.

Kasha la RAM kwa skeli yangu ni kama punje ya hindi. Kombora lenyewe lina unene wa milimita 127, ukigawa inakuja nusu milimita. Matundu 21 ya nusu milimita kwenye uso wa punje. Nimeyatoboa kwa sindano ya shanga kutoka nyuma, kasha la nne ndio lililokubali.

Kapteni wa Nchi Kavu

Mada nzuri mleta mada ila niseme langu kwa heshima. Kwa nini manowari ya Wajerumani? Sisi hatuna meli? Jenga KNS Jasiri ya jeshi la maji la Kenya, jenga ya kwetu, watoto waione wajivunie. Halafu silaha silaha hizi, hakuna kitu kingine cha kujenga?

Mtoto wa Likoni

Kapteni wa Nchi Kavu nakushukuru kwa kuuliza vizuri. Jasiri naipenda na nitaijenga Mungu akinipa uhai, iliundwa Hispania kwa Gondán, ikafika Mombasa 2012, mita 85, kwa skeli yangu inakuja sentimita 34. Kikwazo ni kwamba sijaona kitabu chake, yaani nianze na kuchora kila kipande. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekwisha kujua kiunzi, na mimi ndio kwanza nakijua. Na hapa nionye wadau wengine, msiende kupiga picha Mtongwe, lile ni eneo la jeshi, tumieni picha ambazo wenyewe wameshazitoa hadharani.

Kuhusu silaha. Sijengi kwa kupenda vita. Nilikuwa mtoto nikaona kitu kimeundwa na binadamu kikubwa kuliko mtaa wetu kinapita kimya mbele yangu na nikataka kujua kimefungwafungwa vipi. Manowari ni ngumu kuliko meli ya makontena kwa sababu kila kitu kimebanwa mahali padogo na kila kitu kina sababu. Chukua bomba la moshi la F122, ni nene mno kwa meli nyembamba vile. Sababu ni mashine. Ina injini mbili za dizeli za kutembea taratibu na tabo mbili za gesi za kukimbilia, LM2500, aina inayotokana na injini za ndege, na tabo inakula hewa nyingi kuliko dizeli, lazima iwe na njia pana za kuvuta na kutoa. Hilo nililijua nikiwa nakata vipande vya bomba na kujiuliza mbona ni kubwa hivi. Karatasi imenifundisha zaidi ya kitabu chochote cha meli nilichowahi kusoma.

Kapteni wa Nchi Kavu

Nimekuelewa mkuu, la bomba la moshi sikulijua. Siku ya Jasiri nitag.

Mwalimu Bi Zuhura

Wanangu hamjambo. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano, kisiwani Unguja. Nimesoma uzi huu wote nimeupenda. Nataka kuwafanyia watoto kitu kama hiki ila si kwa ugumu huo, nina watoto 50 na mikasi 12. Nianzie wapi?

Mtoto wa Likoni

Shikamoo Mwalimu. Manowari usianze nayo. Anza na boti ndogo ya mwongozaji wa bandari au dau, vipande kumi visizidi, sitaha moja, kibanda kimoja. Kila watoto wanne meli moja, mmoja anakata, mmoja anakunja, mmoja gundi, mmoja anasoma namba, halafu wanabadilishana. Wembe usiwape, mikasi inatosha.

Kitu kimoja wafundishe kabla ya vyote, kukwaruza mstari kabla ya kukunja. Chukua kalamu ya biki iliyoisha wino, weka rula kwenye mstari, pitisha kwa nguvu kiasi, ndio ukunje. Karatasi inakunjika hapo hapo kama imepigwa pasi. Ukikunja bila kukwaruza inachagua yenyewe pa kukunjikia, na kibanda kinakuwa na pembe za mviringo. Watoto wakiliona hilo mara ya kwanza wanashangaa kweli, mpwa wangu alikunja karatasi mpaka akamaliza ream.

Mwalimu Bi Zuhura

Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. La kalamu iliyoisha wino nimelipenda, hizo tunazo gunia zima.

Fundi Manila

Nimerudi na kilio. Nimechapa mataruma ya meli yangu (nimeanza na boti ndogo ya doria) na sitaha nikachapa siku nyingine duka lingine. Sitaha fupi kuliko kiunzi kwa karibu milimita 8! Kosa la kitabu?

Mtoto wa Likoni

Si kitabu, ni printa. Duka moja limechapa kwa ukubwa wake halisi, jingine programu yao imebana ukurasa uingie ndani ya A4, wanaita kutosheleza ukurasa. Asilimia 3 au 4 tu, kwa jicho huioni, kwa meli ya sentimita 20 ndio hizo milimita 8. Mimi meli ya kwanza ilinifanyia hivyo hivyo, duka lilipunguza bila kuniambia nikaja kugundua nimeshagandisha nusu.

Dawa: kila ukurasa chora mstari wa sentimita 10 kamili pembeni kabla hujaupeleka. Ukichapwa, hapo hapo kaunta toa rula pima. Usitoke dukani bila kupima. Na kurasa zote chapa siku moja, printa moja, karatasi ya pakiti moja, maana hata rangi ya kijivu inatofautiana, ubavu wa kushoto unakuwa kijivu cha samawati wa kulia kijivu cha udongo. Leza ni bora kuliko wino kwa sisi wa Pwani, ya wino ukishika na jasho inaacha alama, ukilazimika nyunyizia vanishi isiyong'aa mara mbili nyepesi kabla hujakata.

Mtoto wa Likoni

Wadau, taarifa baada ya wiki sita. Nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa navisha ubavu.

Sitaha imekaa. Nimeiweka kioo juu, hakuna mwanga unaopita chini yake kutoka omo hadi tezi. Siwezi kueleza furaha ya jambo hilo kwa mtu asiyelijua.

Ubavu unaanza kuugandisha omo, si katikati, kwa sababu omo ndipo pande mbili zinapokutana na kosa linaonekana na kila mtu. Kabla ya gundi nimeuviringisha kwa kupitisha mgongo wa kijiko juu ya karatasi kiganjani, taratibu, mara ishirini thelathini, mpaka wenyewe ukashika ule mbonyeo wa omo bila kushikiliwa. Sentimita tano tano, nasubiri zikauke, naendelea. Upande wa kulia sentimita tano, upande wa kushoto sentimita tano. Usimalize upande mmoja wote ndio uanze wa pili, maana gundi ikikauka inavuta, meli inageuka upinde.

Kingo zote nimepaka rangi ya maji ya kijivu. Karatasi ukiikata ukingo wake ni mweupe, na mstari mweupe kwenye kila kona ndio unaomwambia mtu hii ni karatasi. Kipande kikishakatwa, kabla ya kukunjwa, brashi ndogo inapita ukingoni. Inachosha. Fanyeni.

Sasa niko juu. Mzinga wa mbele ni wa milimita 76, mtutu wake una urefu wa mara 62 ya upana huo, kwa hiyo kwangu ni milimita 19. Nimeuviringisha kwa karatasi nyembamba ya kufungia viatu, juu ya sindano, umetoka mwembamba mbele mnene nyuma kama wenyewe. Nyuma yake kasha la makombora ya Sea Sparrow la vyumba nane. Kuba la rada ya kuongozea mzinga lilinitesa, ni mviringo kama yai na karatasi haiwi yai. Unakata petali, kama ganda la chungwa ulilolimenya bila kulikata chini, unazikutanisha juu. Nimekata petali kumi na mbili, gundi kwa ndani tu, halafu nimepitisha msasa mlaini sana.

Mdau wa Elbe

Kaka hiyo kazi ni safi. Vyuma vya pembeni utafanyaje? Huku tunanunua vilivyokatwa kwa leza, naweza kukutumia.

Mtoto wa Likoni

Mdau nashukuru sana, ila hivyo nafanya kwa uzi wa kushonea. Milimita 4 kwenda juu, mistari mitatu. Nina fremu ya kadibodi, nimeipasua pembeni kila milimita moja na kidogo, natandika nyuzi za kulala, halafu nyuzi za kusimama juu yake, napitisha gundi nyeupe iliyoongezwa maji kwa brashi. Kesho yake ni ngumu kama waya, nakata kipande nachokitaka. Mama yangu ni fundi cherehani, uzi huo wa kijivu ni wake, alinichagulia mwenyewe kwenye kopo lake akasema huu ndio rangi ya ile meli. Hajaisahau. Kumbe siku ile pale Likoni na yeye alikuwa anaangalia.

Shungi la Omo

Allahu akbar. Ukimaliza muite mama aje aigandishe bendera yeye.

Mtoto wa Likoni

Bendera ameshaishona, mkuu. Milimita 6 kwa 4, nyeusi nyekundu na dhahabu, ina mkato wa V pembeni kama bendera yao ya jeshi la maji inavyotakiwa. Zimebaki nyavu za pembeni ya sitaha ya helikopta, mlingoti wa nyuma na boti mbili za kuokolea. Mvua zinaanza wiki ijayo, nafunga kasha la kioo nitaweka na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, mwenye navyo vingi aliyeko Mombasa anifuate inbox nije nichukue.